Mtoto anayekesha: nilivyorekebisha usingizi wa binti yangu katika chumba kimoja

Binti yangu alizaliwa saa nne asubuhi, na kwa Wajaluo msichana wa saa hiyo ni Anyango. Alipofikisha mwaka mmoja na miezi minane, majirani katika ploti yetu hapa Manyatta, Kisumu, walikuwa wameshambatiza upya: Atieno, jina la aliyezaliwa usiku. Saa tano za usiku, bodaboda za Kondele zimeanza kupungua, yeye yuko juu ya kochi anapanga vipande vya vitambaa, macho makavu kama bundi.

Mimi ni fundi cherehani. Mama yake ni muuguzi, na wiki mbili katika kila mwezi huwa zamu ya usiku. Kwa hiyo vita vya kumlaza vilikuwa vyangu peke yangu, na nilikuwa nashindwa kila siku. Nilimbeba mgongoni mpaka kiuno kikaniuma. Nilimzungusha uani. Nilimtisha kwa paka, jambo ambalo sitarudia, maana baada ya hapo alikataa kwenda msalani kwa sababu paka hulala huko. Kumbe muda wote huo nilikuwa nashona bila kupima.

Pima kabla ya kukata

Nilichukua daftari la vipimo, lile la kuandika viuno na mabega ya wateja, nikamtengea mtoto ukurasa wake. Kwa siku saba niliandika mambo manne tu: ameamka saa ngapi, mchana amelala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, usiku usingizi umemchukua saa ngapi, na jioni amekula na kunywa nini. Usianze kubadilisha chochote wiki hiyo. Andika tu, hata kama unaona aibu.

Hesabu ilinishangaza. Usiku alikuwa analala saa tano unusu na kuamka saa mbili unusu asubuhi, yaani saa 9. Mchana alilala kutoka saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, saa 3 nyingine. Jumla 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Wa miaka 3 hadi 4 apate saa 10 hadi 13. Basi mtoto wangu hakuwa amepungukiwa na usingizi hata kidogo. Kitambaa kilitosha, mkato ndio uliokuwa mbaya.

Wewe ukipima ukakuta jumla iko chini sana, mathalani saa 8 au 9 kwa mtoto wa miaka 2, na mchana kutwa analia kwa vitu vidogo, kwako shida ni uchovu. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hasinzii kama mtu mzima. Mwili wake humwaga homoni za kumweka macho, anaanza kukimbia, kuruka na kucheka ovyo, nawe unasema bado ana nguvu. Huyo wa kwako alipaswa kulazwa saa nzima iliyopita.

Mazungumzo na Dani

Aliyekuwa akishinda na mtoto ni mama mzee wa chumba cha tatu, ambaye ploti nzima tunamwita Dani, yaani nyanya. Anafua nguo za watu. Alikuwa akimlaza mtoto saa tisa ili apate nafasi ya kumaliza nguo na kuzianua kabla ya mvua ya jioni, na mtu hawezi kumlaumu kwa hilo. Mvua ya Kisumu ikiamua kushuka saa kumi na moja haikuulizi umeanua au la.

Nilimwendea na sukari kilo moja. Sikumwambia amekosea.

“Dani, naomba unisaidie. Mtoto usiku ananisumbua.”

“Mtoto akilala haamshwi, mwanangu. Usingizi ndio unamkuza.”

“Ni kweli Dani. Ila nilikuwa naomba alale mapema kidogo, saa saba baada ya kula, halafu saa tisa awe ameamka.”

Alinyamaza, akakunja shati moja, akaniuliza nguo atazianua saa ngapi. Tukapatana: nguo aanze kufua asubuhi na mapema, mimi nimchotee mitungi miwili ya maji kabla sijaenda kibandani. Ukimtaka mlezi abadilishe saa za mtoto, angalia kwanza saa hizo zinambeba katika kazi gani, kisha ubebe sehemu yake. Kumwachia amri mlangoni ni kazi bure, ukifika kwenye kona ya barabara atafanya anavyojua yeye.

Na usikate ghafla. Tulisogeza kwa robo saa kila baada ya siku mbili au tatu: kuanza kulala mchana, kuamka mchana, kuamka asubuhi, vyote vikirudi nyuma pamoja. Ilituchukua karibu mwezi mmoja. Kwa umri huu watoto wengi hulala mara moja tu mchana, na kinachoharibu usiku hasa ni saa ya mwisho ya usingizi huo. Akiamka saa kumi na mbili jioni, utamwambia nini alale saa mbili?

Asubuhi ndiyo ufunguo

Watu wengi huanza na usiku. Mimi nasema anza na asubuhi, kwa sababu mtoto huwezi kumlazimisha alale, lakini kumwamsha unaweza. Saa moja asubuhi nafungua mlango na dirisha, namtoa nje anawie uso kwenye mwanga. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili siku imeanza, na giza la jioni ndilo linaloruhusu homoni ya usingizi, melatonini, ianze kupanda. Sisi tunaokaa kwenye mstari wa ikweta tuna bahati ambayo hatuijui: jua la hapa huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, Januari hadi Desemba. Nimesikia wazazi walio Uingereza wanahangaika na jua la saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao. Sisi giza linatujia lenyewe, halafu tunaliharibu kwa balbu, televisheni na simu.

Simu basi. Mwongozo ule wa 2019 hautaki mtoto wa mwaka 1 aangalie skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwetu katuni zilikuwa zinaisha saa nne usiku. Sasa saa kumi na mbili jioni simu inaingia kwenye droo ya zipu na vifungo. Kwa siku nne alilia mbele ya ile droo. Siku ya tano aliipita.

Jioni yenyewe

Saa kumi na mbili tunakula. Hapa daftari lilinifichulia jambo ambalo mke wangu alicheka alipolisoma: kila jioni mtoto alikuwa anakunywa kikombe cha chai ya maziwa na mkate, kama sisi. Majani ya chai yana kafeini, na mwili mdogo husisimka kwa kiasi kidogo tu. Sisi watu wa magharibi ya Kenya chai tunaiona kama maji, hatuihesabu. Tuliibadilisha na uji wa wimbi au maziwa matupu. Soda ya rangi nyeusi, hivyo hivyo, hapana. Uji usiwe mwingi sana karibu na kulala, isipokuwa unapenda kufua shuka.

Baada ya chakula ni karai la maji vuguvugu, kupiga mswaki, nguo ya kulalia, poti, wimbo mmoja, ule ule. Kama bado ananyonya chupa, iishe kabla ya mswaki, asilale nayo mdomoni, meno huoza hivyo. Mpangilio huu hauna uchawi wowote, nguvu yake ni kutobadilika. Mtoto hajui saa, anajua kinachofuata.

Mwisho kabisa ni neti. Kwetu ukanda wa ziwa neti ya dawa si hiari, malaria hapa ni nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi, na mbu wake huuma usiku. Nikaona kwa kuwa lazima ishuke kila siku, basi na iwe ndiyo mlango wa usiku. Anaketi kwenye godoro lake, mimi nachomeka pande tatu, yeye ananisaidia kuchomeka ya nne kwa ngumi zake. Neti ikishashuka hakuna mchezo, hakuna hadithi ya pili, maji ameshakunywa.

Chumba kimoja

Vitabu vinasema mpe mtoto chumba chake chenye giza na utulivu. Sisi tuna futi 10 kwa 12, na humo kuna kitanda, jiko, kochi na cherehani. Nilishona pazia la safu mbili kwa mabaki ya kaki za sare za shule, kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, nikalitundika kwenye waya kati ya godoro lake na kochi. Upande wangu taa ni ndogo na imeelekezwa ukutani. Joto likizidi, hasa Februari, nguo nyepesi na dirisha wazi lenye wavu hutosha. Ndugu yangu aliye Nakuru ana shida tofauti, baridi ya kule inamtaka mtoto avae soksi.

Kelele ilinitia wasiwasi zaidi ya mwanga. Baa, kesha la maombi lenye spika nne, jirani anayerudi na pikipiki. Nilichogundua ni kwamba sauti inayoendelea kwa kiwango kimoja haimwamshi, ila ile ya ghafla, mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka.

Macho wazi

Hii ndiyo sehemu ngumu, na nitaikalia kidogo. Usimlaze akiwa ameshalala. Kila mtu, mkubwa na mdogo, hupanda karibu na kuamka mara kadhaa usiku, anageuka, analala tena. Mtoto aliyelala kifuani pako akijikuta kwenye godoro hupiga kelele, kama ambavyo ungepiga wewe ukilala kitandani na kuamkia uani. Kwa hiyo mlaze akiwa amelegea lakini macho yanaona.

Usiku wa kwanza niliketi kwenye stuli ya cherehani kando ya neti, mkono wangu mgongoni mwake. Alilia muda mrefu. Sikumtoa, wala sikumwacha. Usiku wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, na jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini. Waambie majirani mapema, nilipaswa kufanya hivyo. Baada ya siku tatu nne niliondoa mkono, nikabaki nimeketi. Kisha stuli ikasogea hatua moja, kisha ikafika kwenye pazia, kisha nikawa upande wa pili nikikohoa tu ili ajue nipo. Mama yake akiwa nyumbani hufanya vile vile, neno kwa neno. Tulikosana mara moja kwa sababu alimchukua kitandani akamlaza kifuani. Simlaumu, alikuwa hajamshika mtoto siku tatu. Lakini ilitugharimu wiki.

Akiamka usiku wa manane, kuwa mtu wa kuchosha: giza, maneno mawili, rudi ulale. Wakati mwingine, saa moja au mbili baada ya kulala, mtoto huketi macho wazi, akapiga mayowe na asikutambue. Niliambiwa ni majini. Ni hali ya usingizi mzito, usimtikise, mlinde asijigonge, itapita na asubuhi hatakumbuka. Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri, na hapo anakutambua na anataka kushikwa. Mshike.

Kuna mambo ambayo ratiba haitibu. Akikoroma kila usiku, akalala mdomo wazi au pumzi ikawa inakatika, mpeleke kwa daktari, huenda vinyama vya nyuma ya pua vimevimba. Akijikuna matako usiku, fikiria minyoo. Akiwa na joto, hapa Kisumu unampeleka kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Na ile dawa ya mafua inayosinzisha, ambayo walezi wengine humpa mtoto ili watu wapumzike, mke wangu anaomba niandike kwa herufi kubwa: USIMPE.

Tukienda dala, yaani nyumbani kijijini, kwa matanga, kila kitu huvunjika. Muziki mpaka asubuhi, shangazi kumi wanambeba, chai kila saa. Sipigani. Tukirudi, narudi kwenye saa moja asubuhi, na kwa kawaida siku ya tatu au ya nne amekaa sawa.

Sasa analala saa mbili kasoro robo. Limebaki tatizo moja ambalo nimelitengeneza mwenyewe. Januari, msimu wa sare, nilikuwa nakanyaga cherehani mpaka saa nne usiku, na mlio ule ukawa sehemu ya kulala kwake. Nikisimama kubadilisha uzi, sauti inatoka nyuma ya pazia: “Baba, shona.” Kwa hiyo siku hizi kila usiku nasimamisha mashine dakika tano mapema kuliko jana, usingizi ukiwa bado unamjia. Jana nilisimama akiwa bado anajigeuza. Aliuliza mara moja.