Kamati ya harusi iendesheni kama mradi: mambo niliyojifunza nikiwa katibu

Nimekaa kamati za harusi nne hapa Dar, mbili nikiwa katibu, na kazini nasimamia ujenzi, kwahiyo nilipoona yaleyale yanayoharibu jengo ndo yanayoharibu harusi nikaanza kuendesha kamati kama saiti. Inasaidia sana. Ntaeleza navyofanya, chukua kinachokufaa.

Kabla ya kikao cha kwanza kaa na maharusi wenyewe pembeni, bila wajomba wala mashangazi, waulize vitu vitatu wanavyovitaka kuliko vyote. Mdogo wangu alisema misa ya asubuhi, picha nzuri, na bibi akae meza ya mbele. Basi. Nikaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la kamati. Kikao cha tatu mtu akaja na fataki na gari la pili la kifahari, tukafungua ule ukurasa, havimo, tukaongea dakika mbili tukaendelea. Msipoandika mapema kila kikao kitaongeza kitu na hamna kikao kitakachopunguza.

Tarehe mnaipata kwa kuhesabu kurudi nyuma. Wakatoliki wana matangazo ya Jumapili tatu na mafundisho kabla ya hapo, na Kwaresima kwa kawaida hamfungi ndoa, ndo mana baada ya Pasaka kumbi zinajaa. Mnaofunga bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Alafu kuna mnyororo: kanisa likithibitisha ndo mnalipia ukumbi, ukumbi ukipatikana ndo kadi zinachapwa, kadi zikitoka ndo idadi inajulikana, idadi ikijulikana ndo mpishi anapiga hesabu. Hii hesabu ya mnyororo wataalamu wa DuPont, kampuni ya kemikali kule Marekani, waliitengeneza na wenzao wa kampuni ya Remington Rand mwaka 1957 kupanga kazi za viwanda vya DuPont na ukiiweka kwenye harusi inakaa vilevile. Sampuli ya keki ikichelewa siku tatu hakuna kinachosimama, ila ukumbi ukichelewa siku tatu vyote vya mbele vinasogea, kwahiyo mwanakamati mwenye nguvu kuliko wote mpe ukumbi, msimpe keki.

Sasa hela, hapa ndo penyewe. Ahadi sio hela. Tuseme bajeti yenu ni milioni 18 na ahadi kwenye daftari zimefika milioni 20, watu wanapiga makofi, wanapandisha ukumbi, wanaongeza vinywaji, na mkononi mna milioni 6. Mimi nagawa bajeti mafungu matatu: lazima, muhimu, na tukijaliwa. Lazima ni ukumbi, chakula, mavazi, usafiri wa maharusi. Tunasaini mkataba wa fungu la pili pale tu hela taslimu ikishamaliza la kwanza, na asilimia 10 inakaa pembeni haiguswi mpaka wiki ya mwisho. Daftari la michango liwe na safu tano: jina, ahadi, alicholipa, bado, na nani anamfuatilia. Hiyo ya tano ndo inaingiza hela kwasababu mtu hapigiwi simu na katibu asiyemjua, anapigiwa na aliyesoma nae au anayesali nae. Kila Ijumaa jioni weka kwenye grupu la WhatsApp majina ya waliolipa na shukrani, basi, wasiolipa usiwaweke, mtu anaweza kuwa ana mgonjwa nyumbani na ukamuaibisha mbele ya ukoo mzima. Na anayepokea hela kwenye simu yake asiwe ndo huyohuyo anayeidhinisha matumizi, hata awe kaka wa damu, hii inalinda hela na inamlinda na yeye.

Kingine, kadi 180 sio watu 180. Kadi 120 za double na 60 za single ni watu 300, alafu ongeza wanakamati, wapiga picha, madereva na ndugu waliotoka mkoani na basi, ambao wote wanakula. Mpe mpishi idadi ya mwisho wiki mbili kabla na baada ya hapo kadi isitoke bila mweka hazina kujua.

Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Ukisema kamati ya chakula itafuatilia hakuna atakayefuatilia, sema Mama fulani, na tarehe ya kuleta majibu.

Alafu kaeni kikao kimoja muulizane nini kinaweza kuharibika. Harusi moja tulifika ukumbini saa nne asubuhi tukakuta kuna mkutano wa watu wengine unaendelea, mpambaji akakaa chini ya mwembe na vitambaa vyake na maua yananyauka kwenye ndoo mpaka saa tisa, na wageni wanaingia saa kumi na mbili. Mabinti walipamba huku wanalia. Toka siku ile sisaini mkataba wa ukumbi bila saa ya kukabidhiwa funguo kuandikwa humo, na nauliza mafuta ya jenereta yanawekwa na nani. Kama sherehe ni bustanini na ni Machi mpaka Mei, bei ya hema iingie kwenye lazima.

Siku yenyewe simu za maharusi zichukuliwe asubuhi, MC na mpishi na dereva wote wampigie mtu mmoja, na asiwe mzazi, mama wa bibi harusi anastahili kukaa akamuangalia mwanae.

Kuvunja kamati fanyeni ndani ya wiki mbili watu wakiwa bado na hamu ya kuonana. Mweka hazina asome kilichoingia na kilichotoka mstari kwa mstari, risiti ziwe mezani, na kilichobaki maharusi wakabidhiwe palepale kila mtu akiona, alafu ndo mle.