Somo: Kusoma riwaya za Kigothi kwa kufuata milango

Wengi tukifungua riwaya za Kigothi, zile za kasri, mahandaki na siri za ukoo zilizoanzia Uingereza na The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764), tunakimbilia mzuka. Naomba safari hii tumwache mzuka kwanza, tumtazame mwanamke na chumba alichowekwa.

Hatua ya 1: Tazama komeo liko upande gani.
Katika The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe (1794), binti yatima Emily anapewa chumba kwenye ngome ya Montoni, milimani Italia. Kuna mlango wa pili unaotokea kwenye ngazi. Anaukagua: upande wake hauna komeo, upande wa pili yapo mawili. Yaani mtu wa nje anaweza kumfungia, ila yeye hawezi kujifungia. Hakuna mzuka uliotokea, na mwili umeshasisimka.

Hatua ya 2: Uliza mali ni ya nani.
Montoni ni mume wa shangazi yake Emily, na anataka mashamba ya mkewe. Shangazi anagoma kutia saini. Anafungiwa mnarani, anaugua, anakufa, kisha Montoni anamgeukia Emily na karatasi zilezile. Kwa sheria ya Uingereza ya enzi hizo, mke akiolewa mali yake kwa kawaida iliangukia mikononi mwa mume. Hadi 1882 ndipo sheria ilipomruhusu kikamilifu kumiliki chake. Wasomaji wanawake wa Radcliffe hawakuhitaji kuelezwa.

Hatua ya 3: Sikiliza nani ananyimwa sauti.
Hapa ndipo pananiuma. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), Jane ni mwalimu wa nyumbani kwa tajiri Rochester, na Bertha, mke wa Rochester kutoka Jamaika, amefichwa humo ghorofa ya tatu. Aliolewa akiwa na pauni 30,000 za baba yake. Tunamsikia akicheka na kunguruma. Kisa chake anakisimulia mumewe. Jane anapoonyeshwa Bertha chumbani humo, mwanzoni anatumia “it”, kiwakilishi cha Kiingereza cha vitu na wanyama. Jaribu kukitafsiri! Kwetu hata mbwa ni “anatambaa”. Ili kumshusha Bertha kiasi hicho itabidi uandike “linatambaa”, kama dude. Ukiliandika kwa mkono wako ndipo unapohisi alichofanyiwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona wanawake hawa wanazimia ovyo?
Jibu: Emily anazimia kweli, hasa anapofunua pazia jeusi. Lakini usihesabu kuzimia peke yake. Ni yeye aliyelifunua, kwa udadisi wake, na akizinduka anaendelea kupeleleza.

Swali: Kwa hiyo wote ni wahanga tu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mina katika Dracula ya Bram Stoker (1897) anajua hati mkato na taipureta, na ndiye anayepanga shajara na barua zote hadi zikasomeka kama ushahidi. Wanaume wanaamua kumweka pembeni, eti wamlinde. Usiku wanapomwacha peke yake ndipo Dracula, mfu mnyonya damu, anapompata.

Swali: Nina muda mchache, nianze na ipi?
Jibu: The Yellow Wallpaper ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman (1892). Ni hadithi fupi. Mume ni daktari, chumba kiko juu ya nyumba, madirisha yana nondo. Anza na hatua ya 1.

Swali: Je, Bertha aliwahi kupata wa kumsemea?
Jibu: Alipata, ila baada ya zaidi ya miaka 100. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, kisiwa cha Karibi, aliandika Wide Sargasso Sea (1966) na kumpa nafasi ya kusimulia mwenyewe. Humo jina lake ni Antoinette. “Bertha” ni jina alilobandikwa na mumewe.