Visheti vya nusu kilo, na kwa nini asali isiingie kwenye shira yake

Hapa Tabora asali hatuikosi. Ya Sikonge ipo, ya Urambo ipo, na kwangu Isevya haupiti mwezi kabati likiwa halina chupa. Ndiyo maana nilipopika visheti vyangu vya kwanza vya Idd nilitia vijiko vitatu vya asali kwenye shira, yaani ile sukari ya kuchemshwa na maji inayovipaka, vinukie. Vilinukia kweli, ila havikukauka. Asubuhi nilifunua ndoo nikakuta bonge moja, na wageni wako mlangoni. Shangazi alikaa akavibandua kimoja kimoja, kisha akaniambia, "Mwanangu, visheti vinataka sukari igande. Ukitia asali haigandi." Limau nalo ni hivyo hivyo. Usilikamulie humo.

Unga wa ngano nusu kilo, chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, samli vijiko vikubwa 4. Yeyusha samli, imwage kwenye unga ukiwa bado mkavu, uufikiche kwa viganja mpaka ukiukamata ngumi unashikamana. Hapa usiharakishe, samli isipoenea, visheti vinakuwa vigumu kama mbao. Kisha tia maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo, yatakwenda kama robo tatu ya kikombe. Tui la nazi ni tamu zaidi, lakini nazi huku inatoka mbali, na maziwa yanatosha kabisa. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Lifunike nusu saa.

Kata vidonge vidogo kama punje kubwa ya karanga. Mimi natumia kitana kipya ambacho hakijawahi kugusa kichwa: weka kidonge juu ya meno yake, kandamiza kwa dole gumba huku unakivuta, kitajikunja kama kombe la baharini, kikiwa na mistari. Uma nao unafaa. Kazi hii wape watoto, wanaiweza na wanaipenda.

Mafuta ya alizeti yawe ya kutosha visheti kuelea. Tupia kimoja: kikizama, kikatoa mapovu polepole, kisha kikapanda, moto ni huo. Kikiibuka mara moja na kubadilika rangi, punguza makaa au yafunike jivu, kwa sababu kitaiva nje na ndani kibaki kibichi, na kibichi hakikai hata siku mbili. Kaanga taratibu, kama dakika 10 kila mkupuo, hadi viwe rangi ya hudhurungi. Vunja kimoja utazame katikati pawe pakavu. Vichuje, uviache vipoe.

Sasa shira, na hapa nakuomba usiondoke jikoni. Sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki 5 zilizotwangwa. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka mwiko chini. Ukiendelea kukoroga wakati inachemka, chembe zinaanza kuganda kabla ya wakati wake. Baada ya dakika kama 10 anza kupima. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya chini likawa laini, unaweza kulifinyanga kwa vidole, epua hapo hapo.

Mimina visheti vyote kwenye sufuria ya shira na ugeuze bila kupumzika. Mwanzo vitang'aa na kunata, na utadhani umeharibu. Endelea tu. Shira itaanza kufifia, kisha itakuwa nyeupe, na utasikia sauti imebadilika: vinagongana kama kokoto. Acha kugeuza, vimekuwa. Vikikataa kukauka, ujue shira haikuiva. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo, geuza mpaka ikaze. Ikiganda kabla haijavishika vyote, nyunyizia maji kijiko kimoja, pasha, ugeuze tena.

Viache wazi kwenye sinia mpaka vipoe kabisa ndipo uvitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukivifunika vya moto, mvuke utavilegeza. Wakati wa masika usiache ndoo wazi hata kidogo.

Asali yako itunzie kaimati. Ipashe kidogo isichemke, maana ikichemka harufu yake ya maua inapotea, kisha imwage juu ya kaimati zikiwa zimetoka tu kwenye mafuta.