Deni Umelipa, Jina Bado Liko CRB: Jinsi ya Kuomba Marekebisho

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, pata ripoti yako ya mikopo. Kenya ina mashirika matatu ya CRB (yanayotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo) yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja lina kumbukumbu zake, kwa hivyo usishangae kukuta umesafishwa huku na bado unadaiwa kule. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila shirika.

Ripoti ikifika, tafuta mstari wa mkopo wenyewe, usome salio, hali ya akaunti na tarehe ya kulipwa. Hapa ndipo wengi hupoteza muda. Salio likiwa sifuri na akaunti imeandikwa kwamba imelipwa, lakini historia ya kuchelewa bado ipo, hilo si kosa. Kanuni zinaruhusu taarifa hiyo ikae miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Yule jamaa wa Facebook anayeahidi "kukutoa CRB" kwa elfu tatu hana anachoweza kufuta. Kosa ni salio kuendelea kuonekana, au tarehe ya kulipwa kusogezwa mbele. Tarehe hiyo usiidharau, maana miaka mitano inahesabiwa kuanzia hapo.

Ukiona kosa, anza na aliyekukopesha. CRB huandika inacholetewa. Haijui kama umelipa. Mimi nililipa mkopo wa simu wa Sh4,600 kwa Paybill (nambari ya kampuni ya kupokea malipo ya M-Pesa), na penye nambari ya akaunti nikaweka nambari ya simu badala ya kitambulisho. Pesa ziliingia kwao, ila zikakaa miezi kumi na minne bila mwenyewe, huku mimi nikisomeka kama mdaiwa sugu. Basi pakua taarifa yako ya M-Pesa ya siku ile, utafute nambari ya muamala, kisha uandike barua pepe. Usipige simu tu, kwa sababu simu haiachi alama. Maneno machache yanatosha:

"Nililipa mkopo nambari … tarehe …, Sh …, muamala nambari …. Ripoti yangu ya CRB bado inaonyesha salio. Naomba (1) barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, na (2) mtume marekebisho kwa CRB zote tatu, yakiwa na tarehe halisi niliyolipa."

Wakijibu kwamba kuna riba kidogo iliyobaki, waambie wakupe hesabu kwa maandishi. Kama ni kweli, uliza salio na ulipe siku hiyo hiyo, maana riba hailali.

Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa maandishi kwenye CRB yenye kosa. Ambatisha nakala ya kitambulisho, taarifa ya malipo na barua pepe uliyomtumia mkopeshaji. Shirika linapaswa kuweka alama kwenye ripoti kwamba taarifa hiyo inapingwa, kisha limuulize mkopeshaji. Bado hamuelewani? Iandikie Benki Kuu, au Kamishna wa Ulinzi wa Data: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa za uongo kukuhusu zirekebishwe.

Kama unatafuta kazi, utaombwa pia cheti cha CRB. Hicho huonyesha kwamba kwa sasa huna mkopo uliokushinda kulipa, hakifuti historia. Cha kwanza huenda usikilipie, kwa hivyo uliza kabla ya kutoa pesa.

Mwisho, itisha ripoti mpya na urudi kwenye mstari ule ule. Wangu ulirudi na salio sifuri, nikafurahi, hadi nilipoona tarehe ya kulipwa: waliandika siku waliyonijibu, si siku niliyolipa. Miezi kumi na minne ya ziada. Nikafungua barua pepe ile ile, nikabonyeza "jibu".