Somo: Ritani ya kodi ya mapato kwa wenye biashara ndogo na wanaojiajiri

Wanachama wenzangu, tangu tugawane akiba mwezi Juni simu yangu haipoi kwa maswali ya ritani, ile fomu ya kuieleza mamlaka ya kodi mapato yako ya mwaka. Nimeona heri niandike mara moja, wa soko la Kikuubo hapa mjini na wa Busia mpakani wasome pamoja. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea hapa Kampala, na haya nimeyajua kwa kujaza fomu zangu na za jirani zangu.

Shikeni tarehe kwanza. Mwaka wa kodi Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na mwisho wa kupeleka ritani ya mwaka uliokwisha ni 31 Desemba. Ukichelewa, faini ni shilingi 200,000 kwa kila mwezi, au asilimia 2 ya kodi ya ritani hiyo ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi. Mwenye duka dogo anaweza kudaiwa faini inayoizidi kodi yenyewe mara kadhaa, na hilo linaniuma sana, kwa sababu linaepukika.

Hatua ya 1: jua kundi lako. Muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita milioni 10 lakini hayajapita milioni 150 yuko kwenye kodi ya makadirio. Kodi hii hupigwa juu ya mauzo, siyo faida. Mhasibu, wakili, mhandisi, daktari na wengine wa kazi za kitaaluma hawamo, wala wakandarasi wa ujenzi. Sisi wa kazi hizo hujaza ritani ya kawaida: mapato, toa gharama za kazi, kinachobaki ndicho hutozwa.

Hatua ya 2: daftari. Hapa nawaomba msome polepole. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye kumbukumbu za mauzo zilizoandikwa na asiye nazo hawalipi sawa. Chukua duka la vitenge lililouza milioni 82. Bila kumbukumbu, kodi ni 900,000. Ukiwa nazo, ni 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya kile kilichozidi milioni 80, yaani 14,000. Jumla 374,000. Daftari la shule limekuokolea 526,000! Andika mauzo kila jioni kabla hujafunga mlango, tunza risiti za bidhaa, na omba taarifa ya miamala ya pesa za simu. Vitunze miaka 5.

Hatua ya 3: ingia ura.go.ug, tovuti ya mamlaka ya mapato (URA), kwa TIN yako, yaani namba ya mlipa kodi, na nywila, chagua ritani ya kundi lako, jaza, tuma, kisha hifadhi stakabadhi ya kupokelewa. Usimwachie kijana wa kibanda cha intaneti nywila yako. Keti naye mpaka mwisho.

Hatua ya 4: toa namba ya malipo, ile PRN, ulipe benki au kwa simu. Kutuma ritani siyo kulipa. Deni lisilolipwa huzaa riba ya asilimia 2 kwa mwezi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi hupiga picha za warsha za mashirika. Wananikata asilimia 6. Si nimeshalipa kodi?

Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni kodi ya zuio, malipo ya mbele tu. Tuseme faida yako ni milioni 15. Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyoanza 2012, kodi ni 300,000 kwa milioni 4.92 za kwanza, na asilimia 30 ya zinazobaki: jumla 3,324,000. Kama ulikatwa 1,200,000, unatoa hiyo na kulipa 2,124,000. Lakini dai cheti cha makato siku ile ile unapolipwa. Mteja mmoja aliwahi kunikata na asinipe cheti. Nilimfuata miezi minne, na wakati huo wote makato yangu hayakuonekana kwenye akaunti yangu ya kodi.

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea. Nasubiri Desemba?

Usisubiri, dada. Sisi tuna ritani ya awali pia, ya kukadiria mwaka unaoendelea, ifikapo 30 Septemba. Kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Kila malipo ya mteja yakiingia, weka fungu la kodi kando kabla hujalila.

Mwaka huu duka langu Busia limekula hasara. Bado nilipe?

Ukibaki kwenye makadirio, ndiyo mama, maana wanaangalia mauzo. Sheria inakuruhusu kumwandikia kamishna wa URA uchague ritani ya kawaida, inayotazama faida. Ila huko utahitaji hesabu kamili, na tunarudi kwenye daftari.

Vyumba vyangu viwili vya kupangisha Jinja niviingize humo humo?

La, mzee. Kodi ya pango ina ritani yake, usiichanganye na ya duka.

Nilifunga saluni, lakini TIN ipo.

Omba URA wakuondoe kwenye orodha ya walipa kodi. Mpaka wakukubalie, peleka ritani yenye sifuri kila mwaka. Njoo Jumamosi na simu yako, tuifanye pamoja.