Usiweke akiba yote kwenye hatifungani moja

Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali au kampuni: unalipwa riba, na ikiiva, yaani muda wake ukiisha, unarudishiwa fedha zako. Yangu ya kwanza ilikuwa ya miaka 10, na niliweka humo akiba yote. Riba za soko zikapanda, nami nikahitaji fedha kabla haijaiva. Nikaiuza kwa hasara.

Shika kalamu uone hasara hiyo inavyotokea. Hatifungani ya 100 inalipa 5 kwa mwaka. Soko likianza kudai asilimia 6, bei ya ile ya miaka 10 inashuka hadi karibu 92.6; ya miaka 2 inashuka hadi 98.2 tu. Muda mrefu ndio unaoumiza.

Kwa hiyo sasa najenga ngazi. Nagawa fedha mafungu matano: moja linaiva mwaka 1, la pili miaka 2, hivyo hivyo hadi 5. Kila fungu likiiva, nalinunulia jipya la miaka 5. Riba zikipanda, nanunua kwa riba mpya. Nikibanwa, fedha haziko mbali.

Kisha tazama nani anakopa. Changanya serikali na kampuni, na kampuni zenyewe zisiwe za sekta moja, maana benki tano zinaweza kuyumba siku moja. Serikali nazo hushindwa: mwaka 2012 Ugiriki iliwakata wadai binafsi asilimia 53.5 ya thamani ya hatifungani zao. Mimi simpi mkopaji wa kampuni yeyote zaidi ya sehemu moja ya kumi. Riba ikiwa juu kupita wenzake, uliza kwanza kwa nini.

Mfumuko wa bei nao hula riba kimyakimya. Ukipata hatifungani ambazo malipo yake hupanda pamoja na mfumuko, zitengee fungu.