Kuchagua urefu wa mtutu wa bunduki ya kunyatia kulungu: piga hesabu kabla ya kukata

Wawindaji wengi wa kulungu England na Scotland sasa hufunga sailensa (kifaa cha kupunguza sauti mdomoni mwa mtutu), na hapo mtutu wa inchi 24 unageuka kero: unagonga matawi, haugeuki ndani ya gari, na kwenye jukwaa la kuvizia unakwama kila ukijaribu kuuelekeza upande wa pili. Mwongozo huu niliuandaa kwa rafiki mwenye bunduki ya kaliba (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) ya .243 aliyekuwa ameshaamua kukata hadi inchi 18. Nilimwomba asubiri kidogo.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho

Bunduki ikiwa tupu, funga bolti, ingiza fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni hadi iguse uso wa bolti, weka alama, kisha pima. Sailensa inayofunguka usiihesabu.

Hatua ya 2: Iangalie kaliba yako

.308 ndiyo rafiki wa mtutu mfupi. Tundu lake ni pana kwa kiasi cha baruti inachobeba, hivyo risasi yake hupoteza mwendo wa takriban futi 20 hadi 25 kwa sekunde kwa kila inchi unayokata. .243, .270 na .25-06 zinasukuma baruti nyingi kupitia tundu jembamba. Hizo hupoteza zaidi, mara nyingi futi 30 au kupita, na mwako unaobaki unakurudia kama kelele na mmweko.

Usahihi haupungui kwa sababu ya ufupi. Mtutu mfupi ni mgumu zaidi, hautikisiki sana. Kinachopungua ni mwendo.

Hatua ya 3: Sheria na hesabu yake

Hapa usikimbie.

England, kwa kulungu wakubwa, bunduki isiwe chini ya kaliba ya .240 wala nguvu ya risasi inapotoka mdomoni isishuke chini ya futi-pauni 1,700 (kipimo cha nguvu). Muntjac na kulungu wa maji wa China, ambao ni wadogo, wana kiwango chao cha chini. Scotland, ukiacha roe, kulungu mdogo ambaye naye ana kiwango chepesi, nguvu ni futi-pauni 1,750, na juu ya hapo kuna sharti la mwendo: futi 2,450 kwa sekunde.

Nguvu unaipata hivi: zidisha mwendo kwa mwendo, zidisha kwa uzito wa kichwa cha risasi katika greni (kipimo kidogo cha uzito), kisha gawanya kwa 450,240.

Chukua .243 yenye kichwa cha greni 100. Boksi la risasi linasema futi 2,960 kwa sekunde. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24, haikutoka kwenye bunduki yako. Kata inchi sita, toa futi 30 kwa kila inchi, unabaki na 2,780. Nguvu yake ni futi-pauni 1,716. England umepita. Ukivuka mpaka kwenda kumnyatia kulungu mwekundu Scotland, bunduki ileile na risasi ileile zimekuweka nje ya sheria.

Na mwenye .308 asijione amepona. Kichwa cha greni 180 kinachotoka kwa 2,620 kwenye inchi 24, ukishusha mtutu hadi 16 kwa futi 25 kila inchi, kinabaki na 2,420. Nguvu ipo tele, karibu 2,340, lakini mwendo hautoshi Scotland. Dawa ni kichwa chepesi zaidi, cha greni 150 kwa mfano.

Haya yote bado ni makadirio. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kutofautiana kwa makumi ya futi. Azima kronografu (kifaa cha kupima mwendo wa risasi), piga risasi kumi za aina unayowindia, na upime siku ya baridi, kwa sababu baruti nyingi hupoa na mwendo hushuka, na kulungu majike huwindwa majira hayohayo. Ukiwa umebakiza chini ya futi 50 kwa sekunde juu ya mwendo unaohitajika kutimiza viwango baada ya kutoa inchi unazotaka kukata, punguza tamaa ya kukata.

Kwangu mimi: .308 inchi 20, .243 inchi 22. Inchi 16 sipendi. Unachookoa hakilingani na kelele unayoongeza.

Hatua ya 4: Kama unatumia vichwa vya shaba

Shaba inahitaji kasi ili ifunguke na kutanuka inapomgonga mnyama. Soma kiwango cha chini cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya futi 1,800 na 2,000, kisha uone mwendo wako mpya unafika hapo kwenye umbali gani. Huo ndio mwisho wako wa kupiga.

Hatua ya 5: Mpelekee fundi bunduki aliyesajiliwa

Msumeno wa nyumbani hapana. Mdomo lazima uchongwe upya uwe sawa pande zote, vinginevyo gesi itasukuma risasi pembeni. Mwambie pia ukubwa wa meno ya kufungia sailensa uliyonayo: M14x1, M15x1, 1/2 UNF au mengine. Kuna faida moja hapa: mtutu huwa mnene zaidi unavyorudi nyuma, kwa hiyo baada ya kukata anapata chuma cha kutosha kuchonga meno mapana.

Ukichagua kununua mtutu mpya, kibali chako kiutaje kwanza, na uwe na muhuri wa ukaguzi. London na Birmingham ndiko zilipo nyumba za ukaguzi.

Hatua ya 6: Lenga upya

Darubini ianze upya mita 100, sailensa ikiwa imefungwa, kisha rudia kronografu.